Mkono Uliopitishwa Kwenye Shuka

Uyole, Mbeya
14 Agosti 1977

Mshauri wangu mpendwa,

Kabla sijaomba msaada wako naomba radhi kwa kimya cha mwaka mzima na miezi miwili, kwa maana uliponishauri juu ya ugomvi wa migomba ya mpakani nilitenda kama ulivyosema, ugomvi ukaisha, nami nikajiambia kwamba nitakuandikia barua ya shukrani mvua zitakapokatika, mvua zikakatika, zikanyesha tena, zikakatika tena, na sasa nakuandikia kwa sababu nina shida nyingine, jambo ambalo najua si la adabu.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, nina umri wa miaka sitini na mitatu. Mwezi wa Februari nilikwenda hospitali moja ya misheni, ambayo sitaitaja, kwa sababu ya kizunguzungu, na daktari wa pale, ambaye ni mgeni kutoka Ulaya lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha vijana wetu, alinipima akaniambia kwamba damu yangu ina mafuta mengi yaitwayo kolesteroli, kwamba mafuta hayo hung'ang'ania ndani ya mishipa ya moyo kama mafuta yanavyong'ang'ania kwenye sufuria iliyolala nje usiku wa Juni, na kwamba iko dawa ya kuyapunguza ambayo huletwa kwa vifurushi kutoka kwao. Akanipa kapsuli, moja asubuhi na moja jioni, akanikataza samli na ngozi ya kuku, kisha akaweka sharti moja, kwamba kila baada ya miezi mitatu nitolewe damu nikiwa sijala kitu tangu jana yake jioni, ili aone kama dawa inafanya kazi na kama hailidhuru ini. Nilipomuuliza kama sharti hilo ni la lazima alinijibu, "Mwalimu, kutoa dawa hii bila kupima damu ni kama kufundisha bila kusahihisha madaftari."

Damu ya kwanza ilitolewa na bwana wa maabara aitwaye Jailos, mkono wa kulia, kwa kuwa mshipa wangu wa kushoto umejificha. Alipochoma sindano nilikaa chini bila kukusudia. Jailos aliandika katika daftari lake kwamba nilizimia, lakini neno hilo ni kubwa mno kwa jambo lililotokea.

Shida yangu ilianza mwezi wa Mei, wakati wa kupimwa mara ya pili, kwa maana Jailos alikuwa amepelekwa Moshi kusoma kwa mwaka mmoja, na aliyebaki maabara, mtu pekee anayejua kutoa na kupima damu ya namna hiyo, ni Ikupa, mke wa mwanangu Saulo. Wewe ni mtu wa Iringa, huenda hujui, kwa hiyo nieleze kwamba kwetu Wanyakyusa mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawagusani, naye halitamki jina la baba mkwe hata akiulizwa na karani wa sensa. Mama yangu alipokuwa akikutana na babu yangu njiani aliingia majanini akachutama mpaka babu apite. Ikupa amesoma, anapanda baiskeli, anaishi Iyunga katika nyumba za reli pamoja na mwanangu, lakini kwa miaka sita hajakosea hata mara moja, nami sijawahi kuuona uso wake zaidi ya siku ya harusi, na siku hiyo ulikuwa na kitambaa.

Ikupa hakukataa kazi. Alimtuma Saulo aniambie kwamba ametundika shuka katikati ya chumba cha maabara, ametoboa tundu la kupitisha mkono, kwamba yeye atakaa upande mmoja na mimi upande mwingine, kwamba hataniita kwa jina bali atasema tu "anayefuata," na kwamba sitahitaji kusema lolote. Nilimwambia Saulo nitafikiri. Mke wangu Damari alisema, "Baba Saulo, mtoto wa watu amekata shuka kwa ajili yako, wewe unafikiri nini?" Nikamwambia kwamba kugusana ni kugusana, hata kama kuna shuka. Akasema, "Haya. Basi kafie mila," akaenda kupalilia.

Siku iliyotangulia ile ya kupimwa alifika nyumbani rafiki yangu Masunga, Msukuma mfugaji wa kule bonde la Usangu, ambaye kila anapokuja Uyole kutafuta dawa ya josho la ng'ombe hulala kwangu, ni mtu wa miaka hamsini na mitano, mkubwa, mcheshi, ana kovu la kamba lililozunguka mkono wa kulia wote, chini ya kiwiko, tangu siku fahali alipomburuza. Nilimweleza taabu yangu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, kumbe mkono wako nao una wakwe?"

Nikamwambia si jambo la kucheka.

"Basi chukua wangu. Wangu hauna mkwe Mbeya nzima. Mimi ng'ombe wangu wanachomwa sindano kila siku, hawasemi kitu, na mimi nisichomwe mara moja kwa ajili ya rafiki?"

Ndugu mshauri, sikumwambia ndiyo, wala sikumwambia hapana. Asubuhi tulikwenda wote wawili. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake, kama sharti lilivyosema. Masunga alikuwa amekunywa kibuyu cha maziwa na kula ugali wenye samli aliyopewa na mkewe Mbuke kwa safari, kwa kuwa, alisema, mwanamume kuondoka na njaa katika nyumba ya mwenyeji ni kumtukana mwenyeji. Kwenye kilima cha kuelekea hospitali alisimama mara tatu akashika kifua, akasema ni vumbi la malori ya Uyole. Tulipofika maabara sauti ya kike ilisema "anayefuata," Masunga akaingia, mimi nikabaki kwenye benchi. Alitoka akiwa amebana pamba, akaninong'oneza, "Tundu lenyewe limepindwa kwa uzi mweupe, Mwalimu, safi kama tundu la kifungo. Mkweo ana mkono mwepesi."

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Daktari aliniita, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, mwezi wa Februari ulikuwa na mia mbili na themanini na tisa. Sasa una mia nne na kumi. Na maji ya juu ya damu yako ni meupe kama maziwa. Je, unazimeza kapsuli?" Nikamwambia ninazimeza, na huo ulikuwa ukweli. Akaniuliza kama nilikula kabla ya kuja. Nikamwambia sikula, na huo nao ulikuwa ukweli. Akatikisa kichwa, akaniongezea dawa, kapsuli mbili asubuhi na mbili jioni. Chini ya karatasi ya majibu yaliandikwa kwa mkono wa Ikupa maneno haya, "Irudiwe baada ya wiki mbili," nami sikurudi, kwa kuwa nilidhani ni desturi ya maabara. Tangu wakati huo Saulo ameniuliza mara mbili, "Baba, mama wa watoto anauliza kama ulirudi kule," nami nikamwambia nitarudi.

Sasa ni miezi mitatu. Misuli ya mapaja na ya vigimbi vya miguu inaniuma kana kwamba nimelima ekari mbili, kichefuchefu kinanijia kila asubuhi, na nimeshindwa kusimama kwa urefu wa wimbo mmoja kanisani. Damari anadhani ni uzee. Ninaona haya kumwambia daktari kwamba damu aliyoipima si yangu, naona haya zaidi Ikupa kujua kwamba aliushika mkono wa mtu mwingine akidhani anamheshimu baba mkwe wake, na usiku namfikiria Masunga, ambaye tangu Mei sijamwambia neno lolote juu ya majibu yale, kwa kuwa kila ninapotaka kumwambia naona kwamba nitakuwa nimemwambia pia kila kitu kingine.

Kipimo kingine ni mwisho wa mwezi huu. Masunga atakuja wiki hiyohiyo kwa ajili ya dawa ya josho, naye amekwisha kutuma salamu kwa dereva wa lori kwamba mkono wake upo tayari. Ninakuuliza, je, nimtume tena, ila safari hii nihakikishe hajala, ili namba ishuke na daktari anipunguzie kapsuli? Au kuna njia nyingine ambayo haitamwaibisha mtu yeyote?

Nitakapokuwa nimefikia uamuzi nitakuandikia, na safari hii sitasubiri mvua.

Wako mtiifu,
Mwalimu Yotamu

---

Iringa, 22 Agosti 1977

Mwalimu,

Majina yote nimeyabadilisha, hata lako, lakini sidhani kwamba Mbeya nzima ina shuka la pili lenye tundu la mkono. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa posta siku kumi kabla ya kulichapa gazetini. Gazeti letu hufika Iyunga kwa basi Jumamosi, na watu wa reli hulisoma. Hesabu mwenyewe siku ulizonazo.

Kimya chako nimekusamehe. Migomba haikuwa ikiumwa.

Nakupa pole kwa miguu yako, na pole hiyo ni ya kweli. Sasa nikukemee. Umeandika kurasa nne ukiilaumu mila, na mila haina kosa katika barua yako yote. Mimi ni Mhehe, nina mila zangu, sitakuambia uivunje yako. Mila ilikukataza kumtazama mkaza mwana, kusema naye na kumgusa. Yeye, aliye mdogo, alikaa chini akaifikiria mila hiyo, akaitafutia njia: akaweka shuka, akaondoa jina, akakuachia ukimya wako. Wewe uliye mkubwa ulishindwa hata kuupeleka mkono. Nami nadhani sababu yake umeiandika mwenyewe, halafu ukaipita haraka. Jailos alipokuchoma ulikaa chini bila kukusudia. Ndugu yangu, ulizimia. Neno hilo si kubwa, ndilo lenyewe. Huogopi kuguswa na Ikupa. Unaogopa kuanguka na shuka lake mbele ya macho yake, mzee mzima, mwalimu mkuu, umelala sakafuni na yeye amekusimamia. Hofu hiyo naielewa. Lakini ni hofu ya sindano, isivae kanzu ya mababu.

Pili, unaona haya Ikupa asije akajua. Ikupa anajua. Mtu anayeshika mikono ya wagonjwa kila siku kwa miaka anapitishiwa mkono wa mfugaji wenye kovu la kamba mzunguko mzima, naye adhani ni mkono ulioshika chaki miaka thelathini? Alijua kabla hajaufunga mkono huo kwa mpira. Lakini angefanya nini? Hawezi kukutaja jina. Hawezi kukusemesha. Hawezi kumwambia daktari Mzungu kwamba baba mkwe wake ni mdanganyifu. Aliandika neno moja aliloruhusiwa kuandika: Irudiwe. Kisha akamtuma mumewe kukuuliza mara mbili. Wewe uliyesahihisha madaftari maisha yako yote uliandikiwa sahihisho, ukadhani ni desturi ya maabara.

Nalo tundu limepindwa kwa uzi mweupe. Nimelisoma jambo hilo mara tatu. Mtu akikata shuka la hospitali kwa kazi ya asubuhi moja hana haja ya kulipinda. Alilipinda ili lisikukwaruze.

Sasa Masunga, ambaye wewe umemweka mwisho na mimi namweka mwanzo. Umeandika kwa mkono wako kwamba kwenye kilima alisimama mara tatu akashika kifua. Umeandika kwamba damu yake ilikuwa na mia nne na kumi, na juu ni nyeupe kama maziwa. Mimi si daktari. Huenda ule weupe ni kibuyu chake cha asubuhi, huenda ni ugonjwa. Hakuna atakayejua mpaka apimwe akiwa hajala. Lakini wewe una karatasi ya moyo wa mtu mwingine katika droo yako, umeikalia kwa miezi mitatu, huku mwenye moyo anatembea nyuma ya ng'ombe na kufungiwa samli na mkewe kwa mapenzi. Alikupa mkono wake akicheka. Wewe umemficha majibu yake ili usionekane mjinga. Na sasa unaniuliza kama umtume tena! Hapana. Mwalimu, hapana. Angelikuwa mwanafunzi wako ungemrudisha nyumbani akamlete mzazi.

Mimi nakaa juu ya mteremko wa Ipogolo. Haupiti mwezi bila lori kulala pale ubavu, na kila mara utingo akitoka salama husimulia kwamba dereva alijua breki ni mbovu tangu Mafinga, ila aliona haya kusimama mbele za watu. Wewe upo Mafinga. Simama.

Kesho asubuhi, usisubiri mwisho wa mwezi, chukua chupa yako ya kapsuli uende kwa daktari. Mwambie kwa Kiswahili chepesi: "Damu ya Mei haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu, naye alikuwa amekula." Usianze na historia ya babu yako na majani. Mwambie juu ya mapaja, vigimbi na kichefuchefu. Unameza dawa iliyoongezwa kwa sababu ya damu ya Msukuma, na mwili wako umekuwa ukilalamika tangu wakati huo. Ni yeye atakayesema upunguze, uache au uendelee, si wewe, si mimi, wala si Damari. Atakasirika. Kubali akasirike. Aliahidi kusahihisha daftari lako, ukampa la jirani.

Ukitoka hapo tafuta lori la kwanza liendalo Usangu, umpe dereva barua ya Masunga. Usimpe salamu za mdomo. Andika namba, andika maziwa, andika kifua, na umwambie aje wiki hii hii, asingoje dawa ya josho. Mwambie kwamba jioni ya kuamkia kipimo atalala kwako na asubuhi ataondoka na njaa, na kwamba wewe mwenyeji hutatukanika, bali utatukanika akila. Msukuma ataelewa jambo likisemwa kwa heshima ya nyumba. Akicheka, mwache acheke, mradi aje. Naye aingie maabara kwa jina lake, bila shuka. Ikupa si mkwe wake.

Ama Ikupa, usimwite, usimfuate, usivunje chochote. Mila iliyowanyima maneno iliwaachia mjumbe. Mtume Damari. Ampelekee shuka jipya, jeupe, kwa kuwa lile moja limeharibika kwa ajili yako na huenda anadaiwa na matroni. Damari aseme maneno machache tu: kwamba baba ameliona lile neno lililoandikwa chini ya karatasi, na kwamba atarudia. Asiongeze. Najua Damari ataongeza, mwombe asiongeze.

Kisha siku ya kupimwa omba kitanda badala ya kiti. Lala chali, pitisha mkono wa kulia kwenye tundu, tazama dari, uhesabu silabi za wimbo wowote wa kanisa. Mtu aliyelala hawezi kuanguka. Hii ni siri ambayo ungeambiwa mwezi wa Februari kama ungekubali kwamba ulizimia. Na ukizimia ukiwa umelala, hakuna atakayejua ila yeye, naye hawezi kukutaja jina.

Kila miezi mitatu utafanya hivyo, maadamu unameza kapsuli hizo, mpaka Jailos arudi, na akirudi pia.

Umeahidi kuniandikia utakapokuwa umefikia uamuzi. Usijisumbue, uamuzi huo nimekwisha kuufikia mimi kwa niaba yako. Niandikie jioni ya siku utakayotolewa damu, kwa mkono uleule uliochomwa. Barua yako ya leo ina mwandiko mzuri sana, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Ijayo nitaikagua kwa makini. Ikija imenyooka namna hii, nitajua kwamba mkono ulioiandika bado haujapita kwenye shuka.

Mzee Kalinga